Salamu za Krismasi kutoka Moshi kwa Wasomaji Wadogo na Wazazi Wao

Ndugu wazazi, walezi, na ninyi wajukuu mlioshuka kwenye mabasi ya Dar es Salaam mkiwa bado na usingizi machoni, poleni kwa safari, na heri ya Krismasi iwafikie huko Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, ambako nyumba zilizofungwa mwaka mzima sasa zinafuka moshi wa jikoni.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuwasomea watoto, Desemba hii nimelikumbuka jarida la watoto lililobeba jina la mtakatifu wa mwezi huu, Nikolao. Jarida hilo, St. Nicholas, lilianza kuchapishwa New York, Marekani, mwezi Novemba 1873, na mhariri wake wa kwanza, Mary Mapes Dodge, mjane aliyelea watoto wawili wa kiume, alilisimamia hadi alipofariki mwaka 1905. Mama huyo alikataa kabisa jarida la watoto liwe kama uji wa watu wazima ulioongezwa maji, wala hakutaka mahubiri ndani yake (jambo ambalo sisi walimu hutushinda). Ndiyo maana waandishi wakubwa hawakuona haya kumpelekea kazi zao. Baadhi ya hadithi za Rudyard Kipling kuhusu Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu, zilitokea humo mwaka 1894.

Hata hivyo, ninalolipenda zaidi lilianza mwaka 1899, jarida lilipofungua kurasa kwa watoto wenyewe, wasiozidi miaka 17. Kila mwezi walipewa mada, wakaleta mashairi, hadithi, michoro na picha, na kila kazi ilipaswa kuwa na jina, umri, na uthibitisho wa mzazi, mlezi au mwalimu kwamba mtoto hakuandikiwa. Waliofanya vizuri walipata beji ya fedha au ya dhahabu. Mwaka 1918 msichana wa miaka 11, Rachel Carson, alichapishwa humo kwa hadithi ya rubani wa vita, akapata beji ya fedha; mwaka 1962 ndiye aliyeiamsha Marekani kuhusu madhara ya viuatilifu, habari ambayo sisi tuliokua tukiwaona baba zetu wakiingia kwenye kahawa na bomba la dawa mgongoni hatuhitaji kufafanuliwa sana. Jarida lenyewe lilizimika mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Basi, katikati ya ndafu, mtori na mbege, nawaomba wazazi mtenge jioni moja tu. Mtoto akae na bibi au babu, aulize kihamba, yaani shamba la ukoo, kilipatikanaje, nani alichimba mfereji, ndizi zipi ni za kupika na zipi ni za pombe, kisha aandike mwenyewe kwa mkono wake, ukurasa mmoja au miwili. Tutazisoma kazi zote Januari, kabla shule hazijafunguliwa. Mtoto aandike jina na umri, mzazi atie sahihi chini kwamba hakusaidia. Na bibi akikuta jina la mgomba limekosewa, alisahihishe pembeni kwa kalamu yake, nasi tutaliacha sahihisho hilo lionekane.