Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: kiti cha kudumu cha Afrika katika Baraza la Usalama kipigiwe kura

Mheshimiwa António Guterres,

Salamu na heshima. Nilijizuia kukuandikia, lakini baada ya mji wa El Fasher, Sudan, kuangukia mikononi mwa wapiganaji wa RSF wanaopigana na jeshi la serikali, Oktoba 2025, nimeshindwa. Baraza la Usalama lilikuwa limetaka tangu Juni 2024 mji huo usizingirwe tena. Agizo likabaki kwenye karatasi, watu wakala chakula cha mifugo, mji ukaanguka.

Novemba 2024 Sierra Leone na Uingereza zilipeleka azimio jingine la kuwalinda raia wa Sudan. Mikono 14 ikanyooshwa kuunga mkono. Mmoja tu, wa Urusi, ukapinga kwa kura ya turufu, ile inayomwezesha mmoja wa wanachama watano wa kudumu kuzuia azimio peke yake, na shauri likafia hapo. Marekani nayo imefanya hivyo mara kadhaa kuhusu Gaza. Simtetei mkubwa yeyote. Ninachoka, Mheshimiwa. Kila msiba wa bara hili naukesha redioni, nikingoja uamuzi wa watu nisiowachagua na nisioweza kuwaondoa.

Dunia ya 1945 haipo. Waanzilishi walikuwa nchi 51. Leo wanachama ni 193, na 54 kati yao ni wa Afrika. Umoja wa Afrika umeingia G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, tangu 2023. Misri na Ethiopia zimo BRICS, umoja wa nchi zinazoinukia kiuchumi. Wakubwa wanapishana milangoni kwetu wakitafuta madini. Ila penye vita na amani, ndani ya Baraza la Usalama, tunabaki wageni wa viti vya miaka miwili miwili.

Agosti 2024 wewe mwenyewe uliliambia Baraza hilo kwamba haikubaliki bara la watu zaidi ya bilioni moja kukosa sauti ya kudumu. Nilishangilia. Mwezi uliofuata Marekani ikasema inaunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika, bila kura ya turufu: kiti kisicho na miguu. Mazungumzo ya mageuzi yanaendelea tangu 2009! Nadhani kikwazo ni ibara ya 108 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, inayotaka wanachama wote watano wa kudumu waridhie mabadiliko. Labda pia sisi wenyewe tunagombea nani akae.

Muhula wako unaisha Desemba 31, 2026. Naomba jambo moja. Simama mbele ya Baraza Kuu udai andiko la mageuzi lipigiwe kura hadharani, kila nchi kwa jina lake. Hata likishindwa, tumjue anayekataa. Huna kura, najua, lakini Desemba 2023 ulithubutu kutumia ibara ya 99, inayokuruhusu kuliarifu Baraza la Usalama kuhusu hatari kwa amani, kwa ajili ya Gaza. Thubutu tena. Lipigiwe kura, Mheshimiwa, kabla hujaondoka.

Wako mwaminifu,
Mwana wa Afrika