Shamba la mwani nalo liandikwe

Mhariri,

Mimi ni mkulima wa mwani hapa Paje. Kilimo hiki kilipoanza kwetu mwaka 1989 nilikuwa mtoto, namshikia mama kamba na taitai, vijikamba vya kufungia mwani. Siku zile unachomeka pegi, vijiti vya kufungia kamba, mbele ya kijiji, hakuna anayekuuliza.

Leo maji ya kina kifupi yamezidi joto. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko aina nyingine, spinosamu, inaota weupe kwenye vitawi. Ukiishika inakatika kama tambi zilizoiva. Inataka kina kirefu, na huko kunataka boti na kujua kuogelea. Wengi wetu wanawake hatujui.

Msimu uliopita mlinzi wa hoteli moja alitwambia tung'oe pegi, wageni wapate pa kuogelea. Tuling'oa, tunalia. Karatasi ya kumwonesha hatukuwa nayo. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya Zanzibar ya mwaka 1992 inamwezesha mtu kupewa haki ya kutumia kiwanja. Lakini shamba langu linafunikwa na maji mara mbili kwa siku, na mlinzi wake ni mazoea tu. Mazoea yalitosha tulipokuwa wenyewe kwa wenyewe.

Naiomba Wizara ya Uchumi wa Buluu na Baraza la Wawakilishi: maeneo ya mwani yapimwe, yaandikwe kwa majina ya wanaoyalima, na anayehamia kina kirefu kukimbia joto asihesabiwe ameacha lake la zamani. Tuulizwe na sisi. Ila mkutano usiwekwe wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Maji yakitoka tuko kazini.

Mkulima wa mwani,
Paje, Unguja