Risala ya sisi wahitimu wa kumbukumbu za afya na TEHAMA kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu wetu, wazazi na walezi mliotoka mbali, shikamooni. Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo, na wewe mheshimiwa tunakushukuru sana kwa kuja maana tunajua una majukumu mengi na bado umekubali kukaa na sisi kwenye jua hili. Sisi ni wahitimu wa diploma ya kumbukumbu za afya na TEHAMA, na kuna ndugu zetu mpaka leo wanatuuliza, kwani na faili nalo linasomewa? Ndiyo linasomewa, tunaomba utusikilize kidogo tukueleze kwa nini.

Tukiwa fildi, kwenye zahanati moja huko vijijini, alikuja bibi ana kidonda mguuni, mguu umevimba, daftari lake kalibeba kwenye mfuko wa rambo. Wote hapa tunayajua haya madaftari, unanunua daftari la shule dukani, mganga anaandika humo, unarudi nalo nyumbani na siku ukiumwa tena ndiyo unaanza kulitafuta. Sasa lile la bibi kurasa za katikati hazipo, zimechanwa, na kwa nyuma mjukuu kafanyia hesabu za kujumlisha. Mganga kashaanza kuandika sindano, bibi akasema taratibu, mwanangu kuna sindano iliwahi kunizidi nusura nife. Akaulizwa ipi, jina halijui, akaulizwa mwaka gani, hakumbuki, akasema tu ile nyeupe kama maziwa. Mganga akaweka peni chini. Ilikuwa ni PPF, penisilini, na ndiyo hiyohiyo alikuwa anamuandikia! Akambadilishia dawa pale pale.

Mheshimiwa, yule bibi alisalimika kwa sababu alikumbuka rangi ya dawa. Kuna mhudumu siku ile ya kwanza huenda aliandika vizuri kabisa kwamba huyu mama asipewe penisilini, ila maandishi yalikuwa kwenye ukurasa ambao haupo tena. Na je angekuja amezimia?

Sistimu za kompyuta za kuzuia hayo zipo tayari nchini kwetu, hatuombi kitu cha kutoka mwezini. Serikali kupitia TAMISEMI ina GoTHOMIS, sistimu ya kuendeshea hospitali na vituo vya afya, sisi tumeitumia kwa mikono yetu, ukimsajili mgonjwa mara moja pale mapokezi basi mganga anamuona kwenye kioo chake, akiagiza kipimo maabara wanakiona, majibu yanarudi kwa mganga bila mgonjwa kuzunguka na kikaratasi, dirisha la dawa wanajua watoe nini na malipo yanaonekana. Taarifa za jumla za nchi zinaingia DHIS2, sistimu ya kukusanyia takwimu za afya. Kwa hiyo kompyuta sio tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, tatizo kubwa tulilolikuta ni nani anakaa kwenye hiyo kompyuta.

Anayekaa ni muuguzi. Huyohuyo anayezalisha, anayechanja, anayefunga vidonda. Na akishaingiza kwenye kompyuta hajamaliza, maana vitabu vya MTUHA, yale marejista ya karatasi ya taarifa za afya, navyo vinamsubiri, wagonjwa wa nje (OPD) kitabu namba 5, wajawazito namba 6, waliojifungua namba 12, mgonjwa mmoja anaandikwa mara mbili na wakati mwingine mara tatu. Mwisho wa mwezi tulikaa na muuguzi mmoja mpaka usiku tunahesabu vijiti, vinne vimesimama cha tano kinakata, vinne vimesimama cha tano kinakata, kurasa kwa kurasa, taa ni ya simu maana umeme umekatika, na namba za kitabu zikagoma kulingana na za kwenye kompyuta. Akatuambia jamani mimi kesho asubuhi nina kliniki ya watoto. Mtu kama huyo ukimwambia sistimu ni ukombozi atakuona humpendi, kwa sababu kwake imekuwa mzigo juu ya mzigo.

Na inawezekana ikawa tofauti, sio ndoto. Jirani zetu Kenya mwaka 2001 kwenye kituo cha afya cha Mosoriot, kule upande wa Eldoret, walianza kutunza taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta, kituo cha kijijini kabisa, kazi ya vyuo vikuu vya Moi na Indiana. Walipopima, muda mgonjwa anaoutumia kituoni ulikuwa umepungua kwa asilimia 22. Lakini angalia walivyofanya mheshimiwa, mganga aliandika fomu yake fupi kisha makarani wa kumbukumbu ndio walioingiza kwenye kompyuta, hawakumtwisha mtu mmoja kila kitu. Kazi ile ndiyo imekuja kuzaa OpenMRS, sistimu ya kumbukumbu za wagonjwa ambayo leo inatumika nchi nyingi.

Kuna jingine lazima tuliseme hata kama linauma. Kwenye kituo kimoja tulikuta paswedi imeandikwa kwenye plasta, ile ya kufungia vidonda, imebandikwa pembeni ya kioo cha kompyuta, kila anayepita anaisoma, watumishi wote wanaingia kwa jina la mtu mmoja. Humo ndani kuna majibu ya VVU ya majirani zetu, kuna mimba za mabinti zetu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, imeanza kutumika Mei 2023, ila pale hakuna aliyewahi kuelezwa. Hatuwalaumu wale watumishi, walifanya vile ili foleni isogee. Faili la karatasi likivuja linasomwa na mtu mmoja, hili la kompyuta likivuja mtaa mzima unajua.

Kwa hiyo mheshimiwa ombi letu kubwa ni watu. Tunaomba ukatusemee huko unakokaa na wakubwa, kituo chenye sistimu kiwe na mtu wa kumbukumbu aliyesomea, hata mmoja tu, hata kwa mkataba. Pia kituo ambacho sistimu yake imeshatulia kiruhusiwe kuachana na vitabu, yasiende yote mawili milele. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imeshapita 2023, mtu atatibiwa Kigoma leo na Tanga kesho, sasa bila namba moja ya mgonjwa inayosomeka kote tutabaki na madaftari. Sola na betri ya kushikilia seva umeme ukikatika ni muhimu sana, tumeshaona siku nzima ya kazi inapotea kwa dakika moja.

Hapa chuoni kompyuta zinazofanya kazi maabara ni 11 na darasa letu tulikuwa 64, tulikuwa tunaingia kwa zamu mpaka saa nne usiku, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza ni wengi zaidi. Hata 10 tu zingewasaidia.

Pale chini ya mwembe tumeweka meza yenye kompyuta mbili na sistimu ya majaribio, wagonjwa wa humo ni wa kubuni. Tunaomba kabla hujaondoka upite usajiliwe mapokezi, utuambie dawa inayokudhuru, halafu uhamie kompyuta ya pili uone mganga akijaribu kukuandikia dawa hiyohiyo.

Tunaomba kuwasilisha.