Jumamosi: msuko wa nyuzi nne

Habari zenu wanakikundi,

Jumamosi tunauacha msuko wa nyuzi tatu. Ule hutoka bapa, unafaa mkanda wa begi. Huu wa nne hutoka wa mviringo, mzuri kwa kuning'iniza chungu cha maua au kwa mshikio wa kapu.

Njooni mmeshakata nyuzi nne, kila mmoja ukiwa mara moja na nusu ya urefu mnaoutaka: kamba ya mita 1, kata mita 1.5. Tafadhali msibane. Mara iliyopita wawili waliishiwa wakiwa bado viganja viwili, na kuunga katikati huacha kinundu kisichofichika.

Kwa wanaotaka kujaribu mapema: uzi wa pembeni kulia unapita nyuma ya zile mbili za kati, kisha unarudi mbele kwa kuruka mmoja. Wa pembeni kushoto vivyo hivyo. Basi, unarudia tu. Kazi ngumu ni mkono kukaza sawasawa. Ukilegeza upande mmoja, kamba inapinda kama nyoka.

Katani ilowesheni kidogo ili ilainike. Nailoni ncha zake tutaziyeyusha kwa kiberiti, lakini pamba na katani huungua, hazishikani, kwa hiyo hizo tutazifunga kwa uzi mwembamba.

Aliyeniuliza kuhusu bembea ya mtoto: hapana. Hizi zetu ni za vyungu na mapambo, si za kubeba mtu.

Mkasi leteni wenyewe. Wangu umeshakuwa butu kwa ajili yenu.