Tuiache miti ya makaburini isimame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu miti ya makaburini hapa Tanga. Mwezi uliopita tulikwenda kumzika shangazi yangu, tukakuta mikwaju miwili iliyokuwa ikitupa kivuli tangu utotoni mwetu imekatwa, visiki vyake vingali vibichi. Wazee walisimama juani muda wote wa mazishi, na tulipouliza tukajibiwa kwamba eneo linasafishwa.

Kusafisha ni kufyeka majani na kuokota taka. Mji wetu umejaa mabati, saruji na lami, vitu vinavyofyonza joto mchana kutwa na kulirudisha usiku, ilhali makaburini ardhi ingali wazi, na mvua ya masika inaponyesha, maji ambayo barabarani hutuama, huko makaburini hunywewa na udongo uliolegezwa na mizizi. Mwarobaini ukichanua huvuta nyuki. Ua la mbuyu hufunguka jioni na kuchavushwa na popo usiku. Ndege kama chozi na hondohondo, ambao mtaani Ngamiani siwaoni tena kwa urahisi, nilikuwa nikiwakuta juu ya mikwaju ile ile.

Wapo wanaohofia kwamba mizizi itapasua makaburi na nyoka watajificha vichakani. Hofu hiyo naielewa, lakini dawa yake ni kupunguza matawi, kufyeka kwa wakati na kutochimba kaburi jipya karibu na shina. Zege na vigae tunavyomwaga juu ya makaburi, tena siku hizi kwa kushindana, vinaziba ardhi kuliko mti wowote.

Sisi Waislamu tunasoma katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alipasua kuti bichi la mtende, akachomeka kipande kwenye kila moja ya makaburi mawili, akitaraji waliomo wapunguziwe adhabu maadamu halijakauka. Na huko London, makaburi ya Tower Hamlets, yaliyofunguliwa mwaka 1841 na kufungwa kwa mazishi mwaka 1966, sasa ni hifadhi ya viumbe katikati ya majumba.

Nawaomba wasimamizi wa makaburi waitie alama miti mikongwe kabla mfyekaji hajaingia na panga, na warudishe mikwaju miwili kabla ya masika. Mashimo nitayachimba mwenyewe.

Msomaji wako,
Makorora, Tanga