Saanane iko jirani, tuwapeleke watoto

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Mwanza. Likizo ikifika, wengi tunawaza Serengeti, na gharama ikitushinda watoto wanabaki na televisheni. Kumbe Kisiwa cha Saanane kiko hapa hapa mjini, mwendo mfupi wa boti. Kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa.

Sisi tulikwenda familia nzima, bibi naye akiwemo. Watoto walipanda mawe, wakawaona swala pala, pimbi wakiota jua, na wale mijusi wenye vichwa vyekundu ambao nyumbani huwafukuza bila hata kuwatazama. Waliposikia kuwa pimbi ana undugu na tembo, waligoma kuamini! Mpaka leo wanabishana na wenzao mtaani.

Ombi langu kwa wenye boti zote za ziwani: siku za sikukuu yawepo majaketi okozi ya saizi ya watoto. La mtu mzima humpwaya mtoto, na akitumbukia majini anaweza kuchomoka. Wazazi nasi tuyadai kabla ya kupanda.

Mzazi,
Mwanza