YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHAPA NNE ZA PICHA YA MAREHEMU BABA YANGU

Ndugu Meneja,

Salaam. Naandika kwa adabu niliyolelewa nayo, ingawa moyo bado unachemka.

Nililipa shilingi 480,000 ili picha moja, ya marehemu baba akiwa bandarini, ichapwe kwa njia nne za kale za mkono: sayanotaipu, Van Dyke, chumvi na platini. Katika njia hizi karatasi hupakwa dawa kwa brashi, hufunikwa kwa negatifu (picha ambayo mwanga na giza vimegeuzwa), kisha huwekwa juani. Njia nne, si rangi nne. Risiti yenu ndivyo inavyosema.

Jumatatu mhudumu wenu akanisukumia bahasha. Nikazipanga chapa pale pale kaunta: bluu, kahawia, hudhurungi, kijivu. Lakini vivuli kwenye shati la baba vilikuwa vilevile katika zote nne, na zote zinang'aa kama kalenda. Platini haing'ai, huzama katika nyuzi za karatasi. Na chapa ya chumvi hudai negatifu yenye weusi mzito, ambayo sayanotaipu haiiwezi. Ndiyo sababu mlinitoza fedha za kutengeneza negatifu kubwa mbili! Ukingoni sikuona hata alama moja ya brashi.

Nikauliza kwa upole. Kijana akacheka, akaniambia mbele ya wateja: "Bi mkubwa, rangi si umeziona? Kwani baba yako atalalamika?"

Nilipofika nyumbani nikadondoshea maji ukingo wa ile mnayoiita sayanotaipu. Bluu ikatiririka kama rangi ya ukili. Sayanotaipu, tangu mwanasayansi Mwingereza Herschel alipoibuni mwaka 1842, huoshwa kwa maji mpaka umanjano wote wa dawa utoke, ndipo bluu ibaki. Maji yale yale yangeiondoaje? Huo ni wino wa printa.

Tena Ijumaa, kabla ya hiyo Jumatatu, nilipiga simu nikaambiwa karatasi "ziko juani". Jua lipi? Ngamiani mvua ilinyesha tangu alfajiri mpaka magharibi. Sikutaka kumdhania mtu vibaya, nikanyamaza.

Narudia la kaunta, maana ndilo linaloninyima usingizi. Kijana alikuwa anakula mihogo ya kukaanga. Kwa vidole vile vile vya mafuta aliishika negatifu ya asili ya baba, katikati, palipo na uso wake, akaiinua kwenye taa. "Kwani baba yako atalalamika?" Watu wawili wakacheka naye. Nikatoka natetemeka, na negatifu nikaiacha mikononi mwake. Baba hana picha nyingine ya ujana wake, Ndugu Meneja. Hiyo moja tu.

Nilikusudia kudai fedha za platini peke yake, shilingi 220,000, kwa kuwa ndiyo ghali na ndiyo niliyotaka wajukuu warithi. Sasa nadai zote 480,000. Nadai pia kijana aniombe radhi pale pale kaunta, wateja wakisikia, na wewe ukiwa umesimama kando yake.

Nawapa siku saba. Zikipita, chapa zote nne, risiti na ule ukingo uliochuja rangi nitavipeleka Tume ya Ushindani, kisha mahakamani, na kila mpiga picha ninayemfahamu kuanzia Chumbageni hadi Raskazone ataziona.

Negatifu naifuata kesho saa tatu asubuhi. Iwekwe kwenye bahasha ya karatasi laini, ishikwe kwa kingo. Nikiikuta ina alama ya kidole usoni, hizo siku saba hazipo tena.

Mteja wenu,
Ngamiani, Tanga